Kitanda Usichokilalia: Malori ya Uingereza Yalivyokufa na Injini Nzuri

Tuseme mwaka ni 1968 na wewe ni tajiri mwenye malori kumi na mawili huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Unataka kichwa kipya cha kuvuta tela. Unakwenda kwa Atkinson, karibu na mji wa Preston, na huko hukuti lori lililokwisha kuundwa likisubiri mnunuzi. Unakuta maswali. Injini iwe ya Gardner, ya Cummins au ya Rolls-Royce? Giaboksi ya David Brown au ya Fuller? Difu ya uwiano gani? Majibu yako yanaandikwa moja moja, kama vipimo vya suti kwa fundi cherehani, na baada ya miezi lori linatoka likiwa limekukaa barabara. Jambo moja tu hukuulizwa. Kabini ni ya faibaglasi, ileile aliyopewa jirani yako, na kama hutaki dereva wako agande vidole mwezi Januari, hita unailipia kando.

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa injini. Nikikuta lori limefunguliwa mdomo kando ya barabara, nasimama nione fundi anafanya nini, hata kama nimechelewa ninakokwenda. Ila kadiri nilivyosoma habari za malori ya Waingereza, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kilichowaua hakikuwa chini ya boneti. Kilikuwa pale dereva anapokaa.

Maelezo yaliyozoeleka ni mengine. Husemwa kwamba viwanda vile vilikuwa vya waunganishaji tu, watu wasio na chao, wanaonunua injini huku na gia kule, wakapiga nembo yao mbele. Mfano unaotajwa sana ni ERF. Mwaka 1933 Edwin Richard Foden alijitenga na kampuni ya ukoo wake mjini Sandbach, kwa kuwa ndugu waling'ang'ania malori ya mvuke naye ameona dizeli inakuja. Lori lake la kwanza lilikuwa na injini ya Gardner, giaboksi ya David Brown, ekseli za Kirkstall kutoka Leeds, na kabini ya Jennings, mafundi seremala wa palepale Sandbach. Cha kwake mwenyewe kilikuwa mpango wa kuvikutanisha vyote hivyo. Atkinson walifanya kazi kwa namna hiyo, na Seddon wa Oldham pia.

Basi ndiyo sababu walikufa? Sidhani. Kenworth na Peterbilt wa Marekani wanamuuliza mteja maswali yaleyale hadi leo, nao wapo. Na kama Marekani ni mbali, nenda Tunduma ukatazame foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Shacman iliyosimama pale ina injini ya Weichai au ya Cummins, giaboksi ya Fast iliyotokana na ufundi wa Fuller, na kabini iliyozaliwa kwa michoro ya MAN ya Ujerumani. Huo ni uunganishaji mtupu, na Wachina wanauza. Kwa upande wa pili, Leyland na AEC, viwanda vikubwa vya malori vya Uingereza, walijitengenezea karibu kila kitu, kuanzia injini hadi ekseli, na hao ndio walioanguka kwa kishindo kikubwa kuliko wote.

Kwa hiyo kununua vipande kwa wengine hakukuwa ugonjwa. Cha kuulizwa ni nani alikuwa anachagua, na alichagua akitazama nini. Lori la Uingereza lilichaguliwa na mwenye fedha, akiwa ofisini, kwa hesabu mbili: mafuta na uzito. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na tajiri yule hakulala mle hata usiku mmoja.

Tusimwonee, maana hesabu zake zilikuwa na mantiki. Hadi mwaka 1957 lori zito nchini humo lilizuiwa na sheria kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Baiskeli yenye mwendesha hodari ingelisumbua. Kwa mwendo huo nguvu nyingi ni kutupa fedha. Unachotaka ni injini inayokunywa kidogo na kudumu sana. Kisha kodi ya barabara ya malori ilikadiriwa kwa uzito wa gari likiwa tupu, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1982. Kila kilo uliyoiongeza kwenye kabini uliilipia mara mbili: kodi ilipanda, na mzigo wa kulipwa ulipungua kwa sababu uzito wote wa juu umewekewa kikomo. Kitanda kina kilo. Hita ina kilo. Bati la chuma lina kilo nyingi zaidi. Ukiwa na kalamu mkononi, vyote hivyo vinaonekana hasara.

Kwa hesabu hizo, hakuna aliyeweza kushindana na Gardner.

Ukoo wa Gardner ulianza Manchester mwaka 1868, na Lawrence Gardner, mwasisi, alikuwa mtengenezaji wa cherehani. Ile tabia ya cherehani haikuwatoka. Injini zao za LW, zilizoanza mwaka 1931, ziliunganishwa kwa mikono, kwa subira ambayo leo ungeiita ukaidi. Kila kipande cha pampu ya dizeli kilikuwa na kijiti chake cha kupandisha mafuta kwa kidole. Ziliingia kwenye malori, mabasi na boti za wavuvi, na katika Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Uingereza likaweka ndogo yao katika manowari ndogo zilizokwenda kushambulia meli za Wajerumani huko Norwei. Mtu akikuambia injini ni ya kuaminika, muulize kama angekubali kufungiwa nayo chini ya maji.

Mwaka 1958 ikaja 6LX: silinda sita, lita 10.45, nguvu za farasi 150 kwa mizunguko 1,700 tu kwa dakika. Miaka ya 1960 ikafuatiwa na 6LXB yenye farasi 180 kwa mizunguko 1,850. Hakuna turbo. Hakuna kelele za kujionesha. Ilivuta kutoka chini kabisa, taratibu, kama punda wa kisimani anayejua kwamba kazi itaisha tu, na ilikunywa dizeli kidogo kuliko mshindani yeyote wa saizi yake. Tajiri aliyekuwa nayo hakuiuza. Lori likichakaa, aliitoa injini akaitia kwenye fremu nyingine.

Ubora huo ndio ulioleta balaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gardner hawakuweza kukidhi mahitaji. Foleni ikawa ndefu. ERF na Atkinson wangeweza kuwa na fremu tayari, ekseli tayari, na mteja mwenye fedha mkononi, wote wanangoja injini. Kampuni nyingine ingejenga kiwanda cha pili. Gardner walijenga injini kwa mwendo wao, na turbo waliikataa hadi miaka ya 1980, wakati Volvo walikuwa wanauza malori yenye turbo tangu mwaka 1954. Naiheshimu misimamo ya mafundi, lakini kuna mahali msimamo unageuka kuwa kiburi, na nadhani Gardner walipita mahali hapo bila kupunguza mwendo.

Halafu serikali ikafanya hesabu zake. Mwaka 1964 sheria iliruhusu kichwa na tela kufika tani 32. Baadaye ukatangazwa mpango wa kudai angalau farasi 6 kwa kila tani kwa malori mapya. Zidisha mwenyewe: unapata 192. Gardner ya 180 inakomea tani 30. Tani mbili zinabaki barabarani, na tani mbili kwa mwaka mzima ni fedha ya maana. Jibu la Gardner lilikuwa silinda nane, 8LXB ya farasi 240, injini tamu lakini ndefu mno, ambayo ilidai nafasi kwenye fremu na kwenye kabini ambazo hazikuchorwa kwa ajili yake. Wengi hawakungoja. Cummins walikuwa tayari wanatengeneza injini Shotts, Scotland, tangu mwaka 1956, na Rolls-Royce walikuwa na Eagle yao kule Shrewsbury. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba injini za Kimarekani ziliingia kwa sababu zilikuwa bora, hajasema kweli yote. Ziliingia kwa sababu zilikuwepo.

Giaboksi ni mke wa injini, na ndoa mbaya husikika mbali. Foden, ile kampuni ya ukoo aliyoiacha Edwin, walileta mwaka 1948 injini yao wenyewe ya mipigo miwili, FD6, lita 4.1 tu ikitoa farasi 126. Linganisha na Gardner 6LW ya wakati huo: lita 8.4, farasi mia moja na kidogo. Nusu ya ukubwa, nguvu zaidi. Ajabu. Lakini nguvu yote ilikaa kwenye ukanda mwembamba wa mizunguko. Ukiteleza chini yake, lori linakata tamaa. Dawa waliyoipata ilikuwa kuongeza gia: giaboksi ya gia nne, na nyuma yake kifaa cha gia zinazozungukana kama sayari, chenye hatua tatu, jumla kumi na mbili. Dereva wa Foden aliyekuwa anapanda Shap, ule mlima wa kaskazini uliokuwa Kitonga yao kabla ya barabara kuu ya M6 kupita huko mwaka 1970, mikono yake haikupumzika. Alicheza na vijiti kama mpiga marimba, injini ikilia kwa sauti kali isiyofanana na ya lori lingine lolote. Walioisikia wanaikumbuka hadi uzeeni.

Mwenye Gardner na David Brown ya gia sita alipanda mlima uleule kwa gia chache, polepole zaidi, bila kutoka jasho. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapohesabu gia kana kwamba nyingi ni bora kuliko chache. Idadi ya gia ni jibu la tabia ya injini. Injini yenye ukanda mpana huhitaji chache. Yenye ukanda mwembamba huhitaji nyingi. Na kila gia ya ziada analipa dereva, kwa mkono na mguu.

Kisha ikaja Fuller, na hapa nitasifu bila aibu. Badala ya shafti moja ya pembeni, Fuller waliweka mbili, moja kila upande wa shafti kuu. Mzigo unagawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo meno ya gia yanaweza kuwa membamba, na giaboksi nzima ikawa fupi na nyepesi kwa nguvu inayobeba. Sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia chenyewe, haimo. Dereva lazima asikilize injini, alegeze mafuta, angoje mizunguko ilingane, kisha aingize gia. Aliyeiva hutumia klachi wakati wa kuondoka na kusimama tu. Anayejifunza hutafuna meno mpaka abiria wote wafumbe macho. Gia tisa, kwa kupita njia zilezile mara mbili baada ya kuinua kidude kwenye kijiti. Kijana anayeendesha Shacman ya Fast kutoka bandari ya Dar es Salaam leo anafanya kwa mkono wake mambo yaleyale aliyofanya dereva wa ERF miaka ya 1970. Kifaa kizuri hakina haraka ya kustaafu.

Turudi kwenye kabini, maana nimeizungukia vya kutosha.

Kabini za zamani zilijengwa kama mabasi ya zamani: mbao za mti wa Ulaya uitwao ash kwa mifupa, bati la alumini juu yake. Nyepesi, nzuri kwa macho, na zikigonga kitu zinabaki vijiti vya kuwashia moto. Miaka ya 1950 ikaja faibaglasi. Haioti kutu, ni nyepesi, na kubwa zaidi ni kwamba kalibu yake ni rahisi. Kupiga bati la chuma kunahitaji mashine na kalibu za bei kubwa ambazo faida yake inaonekana ukitengeneza kabini maelfu kwa maelfu. Kiwanda cha Sandbach hakikuuza kwa maelfu hayo. Kwa hiyo faibaglasi ilikuwa chaguo la mnyonge mwenye akili, na wakati mwingine lilizaa urembo: Foden S21 ya mwaka 1958, yenye macho na mashavu ya mviringo, madereva waliiita Mickey Mouse. Mwaka 1962 Foden hao hao walikuja na S24, kabini ya faibaglasi inayoinamishwa mbele ili fundi aifikie injini. Tukumbuke hilo kabla hatujawaita wazembe.

Ila ndani yake? Injini imekaa katikati, imefunikwa kwa kibonge cha boneti kinachounguza goti la kushoto la dereva huku upepo wa baridi ukimpiga goti la kulia kupitia matundu ya pedeli. Kelele kiasi cha kwamba mwenzako ukimwambia jambo, anakujibu jingine. Utingo, pale alipokuwepo, alikalia kigoda. Na ukitaka kulala, ulikuwa na ubao wa kulaza toka mlango hadi mlango juu ya ile boneti, au ulitafuta nyumba ya kulala wageni kando ya barabara. Matajiri wengi waliona hilo ni jambo la kawaida; walikuwa wanakumbuka malori ya mvuke, ambayo mengi ya zamani hayakuwa na kioo.

Leyland walijaribu kurekebisha kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1964 walitoa kabini ya Ergomatic, ya chuma, ya kuinama, yenye mkono wa Michelotti, mchoraji wa Kiitaliano, na wakaigawa kwa Leyland, AEC na Albion. Hatua nzuri kwelikweli. Kisha wakaiacha miaka nenda rudi bila kuiendeleza. Ilikuwa fupi ya kimo, haikuacha nafasi ya rejeta kubwa, na injini za nguvu zilizokuja baadaye zilikosa hewa ndani yake. AEC walipoingiza V8 yao ya farasi 247 mwaka 1968, ilikuwa kama kumvika mtu mzima sare ya mtoto wa darasa la nne. Injini yenyewe ilikuwa na matatizo yake, haikudumu sokoni, na wanaoipenda leo ni wale ambao hawakulazimika kuitengeneza.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa liliitwa 500. Wahandisi wa Leyland walichoshwa na gasketi za silinda hedi zinazopasuka kadiri nguvu inavyoongezwa, wakaja na wazo la kuiondoa gasketi kabisa: hedi na bloku vimwagwe pamoja, kipande kimoja cha chuma. Lita 8.2, kamshafti juu, mizunguko mingi. Kwenye karatasi ni mashairi. Lakini vali ikiungua, fundi hafungui hedi, kwa kuwa hakuna hedi ya kufungua; lazima aingie kwa chini, atoe pistoni, ashughulike na vali kupitia tundu la silinda kama daktari wa meno. Injini hizo zilianza kuchemka na kuharibika mikononi mwa wateja, na wale wateja walikuwa na kumbukumbu ndefu. Wakati huohuo Leyland walikuwa wanachezea lori la injini ya jeti, la gesi inayozungusha mapanga, wakakabidhi machache kwa makampuni ya mafuta yajaribiwe. Mwaka 1968 wakaunganishwa na viwanda vya magari madogo kuwa British Leyland, na fedha ya malori ikaenda kutibu Austin na Morris. Ndiyo maana nasema kujitengenezea kila kitu hakukuwa kinga. Ukikosea ukiwa muunganishaji, unabadilisha muuzaji wa injini. Ukikosea ukiwa Leyland, huna pa kukimbilia.

Katika hali hiyo Volvo F86 ilishuka Scotland mwaka 1967, ikaletwa na kampuni iitwayo Ailsa. Tazama namba zake kwa macho ya tajiri wa Lancashire utacheka: lita 6.7 tu. Lakini ina turbo. Giaboksi ina gia nane, zenye sinkronaiza, kwa hiyo hata dereva mgeni hatafuni meno. Kabini ni ya chuma, inainama, na imepita jaribio ambalo sheria ya Sweden ililidai, la kupigwa kwa uzito mkubwa na kukandamizwa juu ili kuona kama mtu atatoka hai. Hita imo ndani ya bei. Na jambo lililomshangaza tajiri: pamoja na vyote hivyo, lori lilikuwa jepesi. Wale waliosema kwa miaka thelathini kwamba joto na usalama vina kilo nyingi waliumbuliwa na mzani.

Zaidi ya hapo, lilipatikana mara moja. Yule aliyekuwa amengoja Gardner miezi na miezi alichukua Volvo moja ya kuzibia pengo. Dereva akapanda, akafunga mlango, akasikia kimya. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, sauti ya dereva ikaanza kuwa na bei. Madereva wazuri walikuwa haba, na mwenye Volvo aliwapata. Tajiri hakubadilika moyo. Hesabu zake tu ndizo zilipata safu mpya.

Linganisha nchi tatu. Marekani, madereva wengi hununua lori lao wenyewe, kwa hiyo anayechagua injini ndiye atakayelala juu yake. Ndiyo maana uunganishaji wao ulizaa kabini kama vyumba vya wageni. Sweden, sheria ilisema kwa niaba ya dereva. Uingereza hakusema mtu.

Kwetu Afrika Mashariki mzozo huo ulifika ukiwa na anwani mbili. Miaka ya 1970 Leyland Kenya walianza kuunganisha malori na mabasi Thika, kiwanda ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Upande wa Tanzania, TAMCO walikuwa wanaunganisha Scania pale Kibaha. Thika Muingereza, Kibaha Mswidi. Muulize mtu yeyote aliyekua kando ya barabara ya Morogoro ni jina gani lilibaki mdomoni mwa madereva, na hatafikiri mara mbili.

Waingereza hawakulala usingizi wa pono, ni haki kusema. Mwaka 1973 Leyland walitoa Marathon, ambayo ni Ergomatic iliyoinuliwa juu ili ipate pumzi, yenye injini ya AEC iliyotiwa turbo, farasi 280. ERF mwaka huohuo walikuwa na gari la usukani wa kushoto waliloliita European, lenye kabini ya chuma ya Motor Panels wa Coventry, Cummins ya 335 na Fuller ya gia tisa, wakilenga njia ndefu za Ulaya na Mashariki ya Kati. Zilikuwa zama ambazo malori yalitoka London kupitia Uturuki hadi Tehran na Ghuba, safari ya wiki kadhaa, na huko kabini ndiyo nyumba. Vipande vya European vilikuwa vya daraja la kwanza. Lakini huduma njiani? Scania na Volvo walikuwa na mafundi Ulaya nzima na mbele yake. Mwaka 1974 ERF walileta kabini ya SP, mifupa ya chuma na ngozi ya plastiki ngumu iliyokandwa kwa moto, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kabini yenye akili kuliko zote walizobuni: gharama za mnyonge, nguvu za tajiri. Ilifika miaka saba baada ya F86.

Miaka ya 1980 Cummins walitoa L10, lita kumi, nyepesi, yenye turbo, ikatengenezwa palepale Shotts, na hoja ya mwisho ya Gardner ikaisha. Leyland walizindua Roadtrain mwaka 1980, ikawa Lori la Mwaka la 1981, kabini nzuri kabisa ambayo ingebadili mambo kama ingefika miaka kumi kabla. Waliobaki waliuzwa mmoja mmoja. Foden walikwenda kwa Paccar wa Marekani mwaka 1980, na jina likazimwa 2006. ERF walikwenda kwa Western Star, kisha kwa MAN mwaka 2000, jina likafa 2007. Seddon Atkinson walipita mikono ya Wamarekani, Wahispania na Waitaliano kama kanzu ya kuazima.

Mfano ambao siwezi kuumaliza kichwani ni wa DAF. Miaka ya 1950 Waholanzi hao walikuwa wageni katika kazi ya malori mazito, na hawakuwa na injini. Walikwenda Leyland wakapewa leseni, na ile O.680 ya lita 11.1 ikawa msingi wa injini zao kwa muda mrefu. Waliichonga, wakaipa turbo, wakaongeza nguvu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1962 waliiweka chini ya lori jipya, DAF 2600. Injini ile, uzao wa Lancashire, ambayo nyumbani kwao dereva aliifunika kwa gunia ili isimuunguze goti. Kwenye kabini ya DAF, nyuma ya kiti, kulikuwa na vitanda viwili.

Mwaka 1987 DAF waliichukua Leyland ya malori. Kiwanda kipo hadi leo katika mji wa Leyland, chini ya Paccar, na kinaunda malori. Nembo iliyo mbele ni ya DAF.